Maboksi Arobaini Kabla ya Mbalamwezi

Wiki tatu tu tangu nirudishe funguo, na tayari mmenitumia ujumbe mara mbili: "Mama Stoo, tuandikie machache ya kututia moyo." Kazi ya kutia watu moyo ina wenyewe, na baadhi yao wamejengewa kanisa kabisa. Mimi nilikuwa mtunza stoo ya dawa. Nitawaandikia kama kadi ya stoo inavyokwenda: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Vyeo sivitaji, nilivipata kwa kukaa pale pale mpaka walionitangulia wakaondoka. Na niwaonye mapema kwamba nina hasira. Nilidhani itapungua na umri kama nguvu za magoti. Haikupungua.

Siku ya kwanza pale stooni Mwanza nilipokelewa na Mzee Bundala, mtunza stoo mkuu, mtu wa Misungwi, mrefu, mwenye koti moja la kaki ambalo sikuwahi kuliona likifuliwa wala likiwa chafu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unajua kuhesabu?"

"Nimemaliza kidato cha nne, mzee."

"Sikuuliza shule. Nimeuliza kuhesabu."

Akanionyesha rafu ya chupa za dripu. Nikahesabu kuanzia mlangoni kwenda ukutani, nikapata mia mbili na kumi na moja. Akasema nirudie, safari hii nianzie ukutani nije mlangoni. Nikapata mia mbili na tisa. Mzee akakuna kidevu.

"Hujaiba, maana mlangoni nimekaa mimi. Basi kati yako wewe wa kwanza na wewe wa pili, mmoja ni mwongo. Mtafute. Ukimpata, ndipo uandike kwenye kadi."

Nilimtafuta mpaka saa nane mchana. Alikuwa yule wa kwanza. Alihesabu chupa mbili tupu. Tangu siku hiyo nahesabu kila kitu mara mbili, kwenda na kurudi. Hata arusi ya mwanangu nilihesabu wageni mara mbili, na wakwe walinuna.

Kupatana bei sikufundishwa na Mzee Bundala. Hiyo nilikuja nayo. Mama yangu aliuza dagaa mwaloni Kirumba, pale mitumbwi inaposhusha samaki, miaka yote ya uhai wake, na mtoto aliyekulia pale hawezi kuuziwa mbuzi ndani ya gunia. Kule nilijifunza pia jambo ambalo hamtalikuta kwenye mwongozo wowote wa afya, na ndilo linalonifanya niandike. Dagaa huvuliwa kwenye giza. Wavuvi huwasha karabai, dagaa hufuata mwanga, wavu unavutwa. Mbalamwezi ikiwaka ziwa zima, karabai haina kazi. Dagaa hawaoni sababu ya kuja. Basi siku za giza kambi za visiwani zinajaa watu, na mbalamwezi ikikaribia, wavuvi hufunga nyavu, hupanda mitumbwi na kurudi makwao mpaka giza lijalo. Mama alichora vistari vya chaki nyuma ya mlango wetu, ajue lini dagaa wataadimika na bei itapanda. Hakusoma hata darasa moja, na hakukosea hata mara moja.

Zikaja zile enzi za ruksa. Nchi ilifunguliwa madirisha yote kwa mpigo na hakuna aliyeuliza kama vumbi nalo litaingia. Maduka ya dawa ya watu binafsi yalifunguliwa kila kona, mengine yakiuza dawa na misumari kwenye kaunta moja. Viwanda vya samaki vikajipanga ufukweni, minofu ya sangara ikapanda ndege kwenda Ulaya, mapanki, vichwa na mifupa yake, yakabaki kwetu. Na serikali ikapunguza watu. Mzee Bundala alipunguzwa kwa barua ya mistari minne. Niliihesabu, kwenda na kurudi: minne. Alifungua penseli yake iliyofungwa kamba kwenye tundu la kifungo cha koti, akanipa.

"Kalamu ya wino inampa mtu kiburi," akasema. "Penseli inakukumbusha kwamba unaweza kuwa umekosea."

Akapanda gari la Misungwi kwenda kulima mpunga. Stoo iliyokuwa na watu watatu ikabaki na mimi.

Mwaka wa mvua ile kubwa ndipo kipindupindu kilipotufikia vizuri. Ugonjwa wenyewe ulikuwa unazunguka dunia tangu kabla sijazaliwa, nchi kwa nchi, kama mchuuzi asiyechoka kubisha hodi. Vyoo vilijaa maji, visima vikajaa vyoo, na haikuchukua muda tukawa tunapanga vitanda vya kamba vyenye tundu katikati na ndoo chini. Mliokuwa watu wazima wakati ule mtanisamehe, lakini vijana wajue: mtu mzima, mbeba magunia, asubuhi anacheka, jioni macho yamezama na ngozi ukiifinya inabaki imesimama. Dawa yake si ya ajabu. Ni maji. Mgonjwa aliyezidiwa hunywa kwa mshipa chupa saba, nane, halafu anakaa na kuomba uji. Ukiwa nazo anaishi. Usipokuwa nazo hakuna elimu itakayokusaidia.

Katika kisiwa kimoja ambacho sitakitaja, kwa kuwa watu wa kule bado wanahitaji kuuza dagaa, tulikuwa na nesi mmoja, Veronika. Zahanati yake ilikuwa vyumba viwili, na kambi ya dagaa ilikuwa chini yake, ikichota maji pale pale ilipooshea vyombo. Wavuvi walitoka pande zote: Wajita na Wakerewe, Wajaluo wa Kenya, watu wa Uganda. Simu haikuwepo. Veronika aliniletea vikaratasi kwa wachuuzi waliokuja mwaloni, ameviandika nyuma ya pakiti za majani ya chai, na mimi nilimjibu kwa njia hiyo hiyo. Alikuwa na mdomo.

"Mama Stoo," aliandika mara moja, "dripu ulizoleta zimeisha. Kama hakuna nyingine niambie mapema nianze kuwaombea, maana sala zangu huchukua muda kufika."

Nikamjibu: "Nakuletea boksi mbili. Sala zihifadhi, usije ukazimaliza nazo."

Kila kikaratasi aliandika wagonjwa wangapi, wa wapi, wamekufa wangapi. Nilivibandika ukutani kwa mfuatano.

Nchi tatu zinazogawana ziwa zikaunda kamati. Jambo jema, sikatai. Wakakutana Mwanza katika hoteli, wakazungumzia maji machafu huku kila mmoja ana chupa yake ya maji safi mbele. Niliitwa nikakae nyuma na rejesta. Walikubaliana kuwa na akiba ya pamoja ya dripu na klorini, itunzwe kwenye stoo yangu, na isitoke bila saini tatu: ya Kenya, ya Uganda na ya mwenyekiti, ambaye zamu ile alikuwa mtu wetu. Boti ingezungusha mizigo visiwani kila tarehe tano. Wakapiga makofi. Mimi nikahesabu maboksi: arobaini. Nikahesabu tena: arobaini. Chupa kumi na mbili kila boksi, chupa nane kwa mgonjwa. Watu sitini.

Kwenye chai nilikutana na mwenzangu wa upande wa Kenya, Ochieng, karani wa stoo kama mimi, mnene, mcheshi, ambaye alikuwa ameweka maandazi manne kwenye leso.

"Mama Mwanza," akaniambia, "hawa watu wetu wanaongea Kiswahili ngumu. Itatumaliza kabla ya kipindupindu."

"Rudisha andazi moja nikuonyeshe kitu."

"Moja? Hiyo kitu yako ni ya maana?"

"Mawili, basi. Umeshapandisha bei."

Nikamwonyesha daftari langu. Nilikuwa nimepanga wagonjwa wa Veronika kwa tarehe, na juu yake nimechora duara la mbalamwezi, kama mama yangu nyuma ya mlango. Kwenye giza, wagonjwa ni wa kisiwani. Mbalamwezi ikiwaka, kisiwa kinanyamaza. Nikamuuliza: siku hizo, kwenu kunakuwaje? Akaacha kutafuna. Akatoa karatasi zake mfukoni, tukaziweka sambamba mezani kati ya vikombe. Siku mbili tatu baada ya kisiwa kunyamaza, mialo yake ilikuwa inalia. Ya kwetu pia: kivukoni Kamanga wanashuka wakijikokota, stendi ya Buzuruga mtu ananyoosha mkono kupanda basi na hamalizi kupanda.

"Wavuvi wanaenda nyumbani," akasema taratibu.

"Wanaenda nayo nyumbani."

"Kwa hivyo hizi dripu na klorini ziwe kwa kambi kabla watoke."

"Kabla ya mbalamwezi. Siyo tarehe tano."

Alinirudishia andazi la tatu bila kuombwa.

Kikao cha pili nilinyoosha mkono. Naikumbuka hotuba yangu kwa sababu ilikuwa fupi. Nilisema ratiba ifuate wavuvi, na wavuvi wanafuata mbalamwezi, nikainua daftari. Mwenyekiti alivua miwani. Alikuwa msomi, mpole wa sauti, aina ya mtu anayekudharau kwa adabu.

"Mama, tunashukuru. Ila hii ni kamati ya afya, siyo ya utabiri. Tukianza kugawa dawa kwa kuangalia angani, mikoa mingine itatucheka."

Wakacheka kabla ya mikoa mingine. Hakuna aliyeomba kuona daftari. Watu wenye digrii nane au tisa kwa jumla, na hakuna aliyewahi kujiuliza dagaa anayemla amevuliwaje. Nikakaa. Hilo nalo liandikeni kwenye kadi yangu: nilikaa.

Kisha kikaja kikaratasi cha Veronika, kirefu kuliko vyote.

"Mama Stoo, nina wagonjwa kumi na wanne na chupa ishirini. Giza limebaki siku nne. Matajiri wa mitumbwi wanaanza kukunja nyavu. Nikiwa na dripu nawazuia hapa wote wapone kwanza, wamekubali, nimewabembeleza na nimewatukana. Nisipokuwa nazo wataondoka na wagonjwa mitumbwini. Mwezi unakua, dada. Umenisikia?"

Ilikuwa tarehe ishirini na saba.

Nilimpigia Ochieng simu kutoka posta. Siku ya pili saini ya mkubwa wake ilifika kwa faksi, na ya Uganda ikafuata mchana wake, kwa sababu Ochieng alimsumbua mtu wao mpaka akasaini ili akale. Nchi mbili za jirani zilisaini ndani ya siku mbili. Iliyobaki ilikuwa ya mwenyekiti wetu, na ofisi yake ilikuwa mwendo wa dakika kumi kwa miguu kutoka stooni kwangu. Nilikwenda kwa nane.

Alisoma kikaratasi cha Veronika akakigeuza, akaangalia picha ya majani ya chai.

"Hii ndiyo taarifa rasmi?"

"Ndiyo karatasi aliyonayo, mheshimiwa."

"Boti inatoka tarehe tano. Mafuta yamepangwa tarehe tano, wageni watakuwepo tarehe tano. Siku chache tu, mama."

"Mtumbwi wa mchuuzi unaondoka mwaloni saa saba leo. Nimeshaongea naye, atabeba maboksi yote. Mafuta ni yake."

"Mali ya nchi tatu kwenye mtumbwi wa dagaa?"

"Basi nipe ishirini."

"Mama."

"Kumi. Mheshimiwa, kumi, na nitalala juu yake mpaka yafike."

"Hapa siyo sokoni," akasema, akanirudishia kikaratasi kwa ncha za vidole viwili.

Nimepatana bei maisha yangu yote, na ile ndiyo mara pekee ambayo mtu hakutaja hata bei yake. Nilirudi stooni. Funguo zilikuwa kiunoni mwangu. Mchuuzi alisubiri mpaka saa nane, akaondoka. Nawaambieni ukweli kwa nini sikufungua: kadi. Kadi ingesoma arobaini na rafu isome sifuri, na sikuwahi, tangu siku ya Mzee Bundala, kuwa na kadi inayosema uongo. Nilijivunia jambo hilo. Niliona ni uaminifu.

Tarehe tano tuliondoka na boti ya injini mbili, bendera tatu, mpiga picha, mwenyekiti na wageni wake. Mimi nilikwenda kusainisha vocha. Kambi ilikuwa kimya. Karabai zimening'inizwa zimeoshwa, mitumbwi hakuna. Alitoka mtu mmoja, mpishi wa kambi, mzee wa Kijita, amekonda, anatembea akishika ukuta.

Nikamwamkia. Nikamuuliza nesi yuko wapi. Akanyoosha mkono kwenye udongo mpya nyuma ya zahanati.

Alituambia kwa kifupi, kwa kuwa hakuwa na pumzi. Wavuvi waliondoka na wagonjwa wao kama Veronika alivyosema wataondoka. Mpishi alikuwa amezidiwa mno kubebwa, akaachwa. Veronika alibaki na chupa nane. Alimtundikia zote nane. Wakati zinaisha, yeye mwenyewe alikuwa ameanza kuharisha, akawa anamwelekeza mpishi namna ya kukoroga chumvi na sukari, lakini alikuwa anatapika kila anachokunywa. Siku tatu kabla hatujafika, mpishi alichimba peke yake, kidogo kidogo.

Mabaharia walikuwa wanashusha maboksi. Mzee aliyatazama.

"Hizi ndizo zile alizoomba?"

"Ndizo, baba."

"Zilikuwa wapi?"

"Stooni."

"Stoo iko mbali?"

Mwenyekiti, ambaye kwa haki alikuwa amevua kofia, alikuja na vocha. Mahali pa mpokeaji palikuwa pamechapwa jina la Veronika. Akasema kwa ile sauti yake ya upole, "Huyu mzee aweke dole gumba, ili tufunge hesabu." Na mzee aliweka. Mpiga picha akapiga. Picha hiyo ilipachikwa ukutani ofisini kwa miaka mingi, na chini yake pameandikwa maneno kuhusu ushirikiano.

Wiki ile mialo ililia pande tatu. Ochieng alinisomea majina yake kwenye simu, mimi nikamsomea ya kwetu, tukakuta mtumbwi mmoja ambao watu wake walizikwa nchi mbili tofauti. Mwishoni akasema, "Mama Mwanza, hiyo tarehe tano yao, mimi simo tena."

Nami sikuwemo tena. Giza lililofuata, akiba ikiwa imejazwa tena maboksi arobaini, siku tano kabla ya mbalamwezi, nilifungua stoo bila saini hata moja. Mchuuzi alibeba dripu na klorini chini ya magunia matupu. Ochieng alitoa za kwake upande wake, na mtu wa Uganda, yule aliyesaini ili akale, alitutumia mganga msaidizi akae kambini siku zile tano na kuzuia watu mpaka wapone. Vikaratasi viliendelea, kwa mwandiko mwingine. Kadi yangu niliijaza kwa penseli, na kwa mara ya kwanza ilisema uongo: maboksi arobaini, huku rafu ina kumi na moja. Tulikwenda hivyo, mbalamwezi kwa mbalamwezi, mpaka mialo ikanyamaza. Ripoti ya kamati ilisema ugonjwa ulidhibitiwa kutokana na ratiba madhubuti ya tarehe tano.

Mwisho wa mwaka wakanipa cheti. Mmekiona, kile chenye fremu, nyuma ya mlango wa stoo. Wengi mlidhani ni cha kupambana na kipindupindu. Someni vizuri: ni cha kutopoteza hata chupa moja ya akiba ya pamoja. Walihesabu kwa kuangalia kadi. Walihesabu mara moja tu.

Sikukichukua nilipoondoka, na sikukisahau. Kigeuzeni. Kwa nyuma nimeandika kwa penseli ya Mzee Bundala siku zote za mbalamwezi, za mwaka huu na mitano ijayo, kila moja na duara lake, na siku tano kabla ya kila duara nimeweka alama. Wakija na ratiba, igeuzeni hiyo fremu kwanza. Na siku mtakapokuwa na karatasi ya majani ya chai mkononi, saini moja imepungua, na mtumbwi unasubiri mwaloni mpaka saa nane, msije mkasema hamkuambiwa na mtu aliyewahi kusimama hapo. Siku ile niliporudi kutoka kisiwani na boti ya bendera tatu, nilitoa kikaratasi cha Veronika nikakisoma tena pale mwisho, anapouliza kama nimemsikia. Nilikuwa nimemsikia tarehe ishirini na saba. Maboksi yote arobaini yalikuwepo. Niliyahesabu siku ile ile, kutoka mlangoni kwenda ukutani, na kutoka ukutani kuja mlangoni.